Madini Joto na Shingo za Ufipa

Majuzi nilikuwa nyumbani Sumbawanga kwa shughuli ya msiba, na shangazi yangu akanituma sokoni kununua chumvi ya kupikia watu. Mwenye duka akaniuliza: "Ya pakiti au ya kupima?" Ya kupima ilikuwa ya mawe mawe, imeachwa wazi katika gunia, na bei yake ilikuwa nafuu. Watu msibani walikuwa wengi. Nikachukua ya kupima, kilo tano, nikajiona mtu wa hesabu.

Shangazi alifungua mfuko, akachungulia, kisha akanitazama mimi. "Baba, umekaa Dar es Salaam mpaka umesahau shingo ya bibi yako?" Akanirudisha sokoni mbele ya waombolezaji.

Sikuwa nimeisahau. Bibi yetu, mama yake baba, alikuwa na rovu, uvimbe wa shingo ambao wengi siku hizi huuita goita. Lilikuwa kubwa kama embe, limeegemea upande wa kushoto, na alikuwa akilifunika kwa upande wa khanga kila mgeni alipoingia. Sisi watoto tulikuwa tukimtazama anapokunywa maji, namna uvimbe ule ulivyopanda na kushuka. Wala hakuwa peke yake. Katika kijiji chetu, upande wa Laela, hukuwa na haja ya kutafuta shingo ya namna hiyo. Ulikutana nazo kisimani, kanisani na shambani, za kina mama zaidi kuliko za wanaume.

Mtoto wake wa mwisho, baba yetu mdogo, alizaliwa kiziwi na bubu. Alitembea kwa shida, magoti yamekakamaa, na akili yake ilibaki ya mtoto. Alipewa mbuzi awachunge, na aliwachunga vizuri mpaka alipofariki. Kuhusu rovu lake, bibi alikuwa akisema limetokana na maji ya mto yanayopita kwenye mawe. Kuhusu mwanawe hakusema kitu. Hakuna mtu pale nyumbani aliyewahi kuyaweka mambo hayo mawili pamoja. Leo nataka tuyaweke pamoja.

Tunapozungumza juu ya homoni, watu wengi mjini hukumbuka ile ya insulini, kwa sababu ya kisukari, ugonjwa ambao sasa kila mtaa unaufahamu. Lakini mwilini kuna homoni nyingine isiyozungumzwa sana, nayo hutengenezwa shingoni, katika tezi yenye umbo la kipepeo iliyokaa chini kidogo ya kongomeo. Madaktari huiita tezi dundumio, na homoni yake kubwa huitwa thairoksini. Kazi yake ni kuamuru kasi ya mwili mzima: moyo upige haraka kiasi gani, chakula kichomwe upesi kiasi gani, joto litoke kiasi gani. Ikipungua, mtu huhisi baridi wakati wenzake wamevua makoti, huchoka bila kufanya kazi, ngozi hukauka, mawazo hupita taratibu. Ikizidi, moyo hukimbia, mikono hutetemeka, na mtu hukonda huku anakula.

Ili kutengeneza thairoksini, tezi inahitaji iodini. Haina kitu kingine cha kuweka badala yake. Nadhani aliyeipa iodini jina la Kiswahili la madini joto alifanya kazi nzuri kuliko wengi wanaokaa katika kamati za istilahi, kwani jina hilo linataja hasa kile ambacho homoni hiyo inakifanya. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 tu kwa siku, na mwanamke mjamzito 250. Ukikusanya mahitaji ya mtu wa kawaida kwa miaka sabini, hayajazi kijiko kimoja cha chai.

Sasa, kwa nini shingo ivimbe? Mababu wa Ufipa walikuwa wahunzi mashuhuri. Waliyeyusha chuma katika tanuri ndefu za udongo, kupita urefu wa mtu, na masalia yake bado yanaonekana huko uwandani. Hebu tuichukue tezi kama tanuri ya namna hiyo, na chini ya ubongo kuna tezi nyingine, ndogo kama punje ya mbaazi, ambayo ndiyo mwenye kuagiza majembe. Majembe yakipungua sokoni, mwagizaji hupeleka ujumbe: ongezeni kazi. Wahunzi wanajibu kwa kujenga tanuri ya pili, halafu ya tatu. Lakini kama mawe ya chuma hayapo, tanuri mia hazitatoa jembe hata moja. Mwagizaji haoni mawe; anaona upungufu wa majembe tu, na anazidi kuagiza. Rovu ndilo zile tanuri zilizojengwa bure. Ni tezi iliyojitahidi kupita kiasi kwa ajili ya kitu ambacho haikupewa.

Kuna jambo hapa wasikilizaji wa mijini wangependa nilitaje, maana najua utani wao. Jina la Sumbawanga hufasiriwa kuwa "tupa uchawi", na mtu akisema anatoka kwetu, wenzake ofisini hujidai kusogeza viti. Basi rovu nalo lilikuwa na wachawi wake. Lakini sababu yake imelala ardhini, na haihitaji mchawi.

Makao makubwa ya iodini ni bahari. Hupanda angani, husafiri na mawingu na kurudi ardhini kwa mvua, lakini kila unapokwenda mbali na pwani ndipo kinachofika kinapungua. Sumbawanga iko karibu kilomita 800 kutoka Bahari ya Hindi. Halafu Ufipa ni uwanda uliopandishwa juu kama meza. Mji wenyewe uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800, na milima ya Mbizi inapita mita 2,000. Mashariki ardhi inaporomoka hadi bonde la Ziwa Rukwa, magharibi inaporomoka hadi Ziwa Tanganyika, na yote mawili yako chini kwa takriban mita elfu moja. Mvua ya Ufipa, ambayo ndiyo inayotupa mahindi ya kulisha nusu ya nchi, huosha udongo na kuteremka pande zote mbili. Kidogo kilichokuja na wingu huondoka na mto. Mahindi, ulezi na maharage yanayoota katika udongo huo hustawi bila taabu, maana mimea haihitaji iodini. Anayeihitaji ni mlaji. Kwa hiyo bibi hakukosea sana aliposema habari ya maji yapitayo kwenye mawe, ila aliyageuza: maji hayakuleta ugonjwa, yaliondoa dawa.

Mtu atauliza: na samaki je? Migebuka na dagaa wa Kasanga na Kirando hawakuwa wakifika uwandani? Walifika. Lakini samaki wa maji baridi hawana iodini ya kulinganishwa na samaki wa bahari. Na chumvi? Chumvi ilikuwapo tangu kale. Kule Ivuna, karibu na mwambao wa kusini wa Ziwa Rukwa, wataalamu wa mambo ya kale walichimba katika miaka ya 1960 na kukuta kwamba watu walikuwa wakichemsha maji ya chumvi pale karne nyingi kabla ya wakoloni. Uvinza, Kigoma, ilisambaza chumvi yake magharibi yote ya nchi kwa vichwa vya wachukuzi. Ila ladha ya chumvi haisemi lolote juu ya iodini. Chumvi inaweza kuwa kali kweli kweli na isiwe nayo.

Wala si ardhi peke yake. Jirani zetu wa Kongo walitupa somo jingine. Katika kisiwa cha Idjwi, ndani ya Ziwa Kivu, watafiti wa Ubelgiji wakiwamo François Delange na André Ermans walikuta katika miaka ya 1960 jambo la ajabu. Kaskazini ya kisiwa zaidi ya nusu ya watu walikuwa na rovu. Kusini magharibi, mmoja tu katika kila ishirini. Na upungufu wa iodini ulikuwa ule ule pande zote mbili! Uchunguzi wao wa baadaye uliwafikisha kwenye mihogo. Muhogo usiolowekwa vizuri hubaki na sumu ambayo mwili huigeuza kuwa kitu kinachozuia tezi kunyakua iodini. Penye iodini ya kutosha hakileti balaa. Penye upungufu, kinamaliza hata kile kidogo. Sisi wa uwandani tulikula mahindi na ulezi zaidi, kwa hiyo lawama ya mihogo siipeleki kwa bibi yangu. Naitaja kwa ajili ya wale wa kandokando ya ziwa, ambao muhogo ndio ugali wao.

Tiba ilijulikana zamani kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1917 daktari mmoja wa Kimarekani, David Marine, alianza na mwenzake kuwapa iodini wasichana wa shule katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, eneo lililojaa marovu. Miongoni mwa wasichana zaidi ya 2,000 waliokunywa dawa, waliopata uvimbe walikuwa watano. Miongoni mwa idadi kama hiyo ya wasiokunywa, walikuwa karibu 500. Uswisi, nchi ya milima kama ya kwetu, ilianza kutia iodini katika chumvi mwaka 1922. Bibi yangu, kwa hesabu za wazee, alikuwa bado hajazaliwa.

Lakini walichokuwa wakikitibu hapo ni shingo. Jambo la baba mdogo lilithibitishwa baadaye, na mbali sana, katika mabonde ya Papua New Guinea. Mwaka 1966 watafiti walidunga kina mama mafuta yenye iodini, na wengine wakadungwa maji ya chumvi yasiyo na iodini, kisha wakafuatilia watoto waliozaliwa. Watoto viziwi na bubu, wenye miguu iliyokakamaa na akili iliyodumaa, walizaliwa na kina mama ambao hawakupata iodini, au walioipata wakati mimba imekwisha kuingia. Mama aliyedungwa kabla ya kushika mimba alikingwa, na mtoto wake akakingwa.

Tafadhali msikilizaji, tulia hapo kidogo. Katika miezi ya kwanza mtoto aliye tumboni hana tezi inayofanya kazi. Ubongo wake unajengwa kwa thairoksini ya mama. Wakati huo mama mwenyewe pengine hajajua kama ana mimba, wala hajafika kliniki. Kama mwili wake hauna akiba, ubongo wa mtoto unajengwa kwa mapungufu, na hakuna dawa ya kuyarekebisha baadaye, si kwa kidonge wala kwa kisomo. Rovu la bibi na ububi wa baba mdogo vilikuwa ugonjwa mmoja. Lile tulilolitazama lilikuwa ishara tu. Na kati ya mtoto kama baba mdogo na mtoto mwenye afya kamili kuna wengine wengi wasiotambulika kabisa: mtoto anayesikia, anayetembea, anayekwenda shule, ila hesabu zinamshinda kidogo kuliko ambavyo zingemshinda, na mwalimu anamwita mvivu.

Hapa nchini kazi hii iliangukia Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973. Katika miaka ya 1980 wataalamu wake walizunguka wilaya za nyanda za juu na za magharibi wakipima shingo za watoto wa shule. Kipimo chenyewe ni cha mikono. Mpimaji anamkalia mtoto usoni, anaweka vidole gumba pande mbili za koromeo na kubonyeza polepole. Kama upande mmoja wa tezi umezidi pingili ya mwisho ya kidole gumba cha mtoto mwenyewe, hilo ni rovu, hata kama jicho halijaliona. Kwa kipimo hicho, katika wilaya zilizoathirika sana walikuta rovu kwa watoto 61 katika kila mia.

Kuanzia mwaka 1986, kwa msaada wa Sweden, vikaanza kugawiwa vidonge vya mafuta yenye iodini katika wilaya 27, Rukwa ikiwamo. Navikumbuka: vilikuwa na mafuta ya rangi ya asali, na tulipanga mstari shuleni, wakubwa wakiwatisha wadogo kwamba ukikitafuna utapasuka shingo. Kidonge kimoja kilitosha mwaka mzima au zaidi, kwa sababu mwili huweka akiba ya mafuta yale. Lakini nchi hii ni kubwa, magari ni machache, na duru za ugawaji zilichelewa mara kwa mara. Vidonge vilikuwa daraja la kuvukia tu. Katikati ya miaka ya 1990 sheria ikataka chumvi ya kuliwa iwekwe madini joto, na UNICEF ikasaidia mashine kwa wazalishaji.

Mtafiti aliyefuatilia matokeo kwa bidii ni Dakta Vincent Assey wa taasisi hiyo. Mwaka 1999, katika wilaya 16 kati ya zile za zamani, rovu lilikuwa limeshuka kutoka watoto 61 hadi 12 hivi katika kila mia. Mwaka 2004 uchunguzi ukafanywa nchi nzima: shingo za watoto zaidi ya 140,000 zilipimwa, na chumvi ikajaribiwa kaya kwa kaya. Ikaonekana rovu limebaki kwa watoto kama 7 katika kila mia, na kaya karibu 84 katika mia zilikuwa na chumvi yenye madini joto. Nimezisoma habari za miradi mingi ya nchi hii iliyoishia kwenye semina. Huu haukuishia kwenye semina, na sielewi kwa nini haukuimbiwa hata ngoma moja.

Wachumi nao waliingia. Mwaka 2009 watafiti watatu, Erica Field, Omar Robles na Maximo Torero, walitoa hesabu kwamba watoto wa Tanzania ambao mama zao walifikiwa na vidonge wakati wa mimba walisonga mbele shuleni kwa karibu nusu mwaka kuliko wenzao, na wasichana ndio walionufaika zaidi. Wengine waliozirudia hesabu hizo kwa takwimu zaidi hawakupata matokeo thabiti kama yale, na ubishi huo ni halali, maana hakuna aliyeandika kwa uhakika nani alimeza kidonge mwezi gani. Mimi sioni kwamba ubishi wa madarasa unagusa habari ya baba mdogo. Hiyo ilimalizwa Papua New Guinea.

Linalonitia wasiwasi ni jingine. Uchunguzi wa afya wa kitaifa wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta kwamba kaya zenye chumvi iliyotiwa madini joto ya kutosha ni kama sita tu katika kumi. Kumbukeni neno "ya kutosha". Chumvi inaweza kuwa imetiwa kidogo, au imetiwa vizuri kisha ikakaa juani na kwenye unyevu mpaka madini yakapotea. Na uchunguzi wa 2004 ulikuwa umekwisha onyesha kichekesho cha kusikitisha: walio nyuma kabisa walikuwa watu wa pwani, Lindi, Mtwara na Visiwani, ambako chumvi huanikwa nyuma ya nyumba na kuliwa kabla haijafika kwenye mashine yoyote. Mtu amekaa juu ya bahari, na chumvi yake haina madini ya bahari! Maana maji ya bahari yanapokaushwa, iodini haibaki katika chumvi kwa kiasi cha kufaa.

Nisifiche upande wa pili. Wapo walioletewa madini joto kupita kiasi. Watoto wengi waliopimwa mkojo mwaka 2004 walikuwa nayo ya kuzidi. Na katika miaka ya 1990, huko Zimbabwe na Kivu, chumvi mpya ilipoingia ghafla, baadhi ya watu wazima wenye marovu ya siku nyingi walianza kwenda mbio za moyo na kukonda, kwa kuwa zile tanuri zao zote zilipata mawe kwa pamoja. Mzee wa namna hiyo apelekwe hospitali, hutibika. Lakini dawa yake si kurudisha gunia la chumvi wazi jikoni kwa mkwe anayetarajia mtoto.

Jioni ile msibani nilikaa na shangazi jikoni. Chumvi ya pakiti aliimimina katika kopo lenye mfuniko, akaliweka mbali na moto, na mboga akaitia chumvi mwishoni, karibu ya kuipua, kama alivyofundishwa na mama wa kliniki, kwa kuwa moto hupunguza madini. Binti yake wa mwisho alikuwa amekaa kwenye kigoda, mimba ya kwanza, anachambua maharage. Nikawaeleza haya niliyowaeleza ninyi, ya shingo na ya mtoto tumboni, na kwamba ni jambo moja.

Shangazi aliacha kukoroga. "Kwa hiyo mama alipokuwa na mimba ya kaka yangu," akasema, "ilikuwa ni chumvi?"

Nikasema ndiyo, ilikuwa ni chumvi.

"Na watu wakamsema maisha yake yote." Akafunika sufuria, akamwambia binti yake ainuke aende akalale, maharage atayamaliza yeye.